Fundi Nthiwa wa Mukuyuni na Feni ya Kambuzi

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa! Itikieni "tega," hata wewe uliye jikoni na mwiko mkononi. Haya. Mgeni wangu hushika kuta mbili, haketi sakafuni. Siku akiketi, nyumba inachemka.

Umeshindwa? Usitoe mji bado. Kuna mwanamke mmoja huko Makueni ambaye kitendawili hiki kilimhangaisha siku tisa. Aliyekitega ndiye tunayemkumbuka leo: Fundi Nthiwa Nyamai wa Mukuyuni. Ametuacha akiwa na miaka sitini na tisa. Fundi Nthiwa, wa Mukuyuni.

Nthiwa hakuwa mtu wa kukaa. Kanisani alisimama mlangoni, sikio moja kwa mchungaji, lingine barabarani. Lori likipita likikohoa, alijua ugonjwa wake kabla watu hawajasema amina. Mkewe, Kaveke, anasema hivi: "Miaka arobaini na mmoja nimempikia chai. Ile aliyoinywa ameketi, naihesabu kwa vidole."

Binti yake Mwongeli ndiye aliyemfuata gereji. Mzee hakumfundisha kama wengine. Mwongeli akiuliza nini kimeharibika, anategewa kitendawili. Akishindwa, anatoa mji, kama ada ilivyo.

"Haya, chukua Kikima."

"Kikima? Na ile baridi? Unataka niue haya magoti? Nipe Kitui."

Akishapewa Kitui, mzee anazunguka soko lote kwa mdomo, anakula nyama, anashiba, ndipo anatoa jibu. Kufikia Oktoba hii, wasikilizaji wapendwa, Nthiwa alikuwa ametawala Ukambani nzima.

Sasa sikilizeni. Oktoba hii kina mama wa Kathonzweni walikuwa wakizoa matope kwenye silanga yao, lile bwawa la kukinga maji ya mvua. Mawingu yalishaanza kurundikana. Silanga isipokwisha kabla ya mvua, maji yatapita tu, na mwaka mzima utakuwa wa punda na mitungi. Walikodisha katinga kazee kutoka Kitui, kale kadogo kenye koleo mbele. Walikaita Kambuzi, kwa sababu kanazunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Lakini Kambuzi ilifanya kazi dakika kumi tu. Mkanda wa feni unapiga kelele, feni inalegea, mshale wa joto unapanda, injini inachemka. Mwongeli akaweka mkanda mpya. Ukateleza. Akabadilisha springi ya kukaza, akaweka mkanda mwingine mpya. Ukateleza. Mwenye katinga akapiga simu: ikiwa bado inachemka Jumamosi ya wiki ijayo, naichukua naiuza vyuma chakavu.

Siku hiyohiyo, Jumatatu, mzee akaja mwenyewe. Akanusa. Akamwangalia Musyoka, dereva.

"Musyoka, umepaka nini hapa?"

"Ulimbo kidogo, mzee. Ndio mkanda ushike."

"Ulimbo! Unawinda ndege ama unapoza injini?"

Kina mama walicheka mpaka wakaweka majembe chini. Injini ikazimwa. Wakainua mikono ya koleo, wakaifungia vizuizi, wakainua na kibanda cha dereva. Nthiwa akainama na tochi, akatoa mkanda, akaingiza kidole kwenye mfereji wa puli, lile gurudumu la feni linalozungushwa na mkanda. Akacheka. Akapangusa kidole kwenye ovaroli ya binti yake.

"Umeona?"

"Naona mkanda mpya, Baba."

Ndipo akakitega: mgeni hushika kuta mbili, haketi sakafuni.

"Baba, mvua hiyo inakuja. Sema tu!"

"Nipe mji."

"Sikupi. Nimechoka kukupa miji."

"Basi nenda ulale nacho. Nikikuambia, utatengeneza Kambuzi. Ukiona mwenyewe, utatengeneza zote."

Mwongeli akabeba spana zake kwa hasira. Hakugeuka.

Jumanne alfajiri, Kaveke aliingia jikoni kuwasha moto. Alimkuta mumewe kwenye kiti. Ameketi. "Nilipomwona ameketi," anasema, "sikuhitaji kumgusa."

Moyo wake ulikuwa umesimama.

Siku za matanga, Mwongeli hakutulia. Anapika, anaacha. Wimbo unaanza, anatoka nje kuangalia mawingu. Jumatano ya wiki iliyofuata, kesho yake ikiwa mazishi, Musyoka akaja kuwapa pole. Alinuka mpira ulioungua.

"Pole sana, dada. Na... imechemka tena."

Mwongeli akamtazama mama yake.

"Enda," Kaveke akasema. "Hata angekuwa yeye, angekuwa ashaenda."

Alienda na nguo ya matanga. Akainama palepale alipoinama baba, akaingiza kidole palepale. Kuta za ule mfereji zilikuwa zimelika. Na chini, mahali panapofaa kuwa na vumbi na kutu, palikuwa panang'aa kama sufuria mpya. Alifungua puli ile, akaenda nayo mjini Wote kwa fundi wa kuchonga vyuma, akarudi na nyingine kabla jua halijatua.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Kaveke. Tunampa pole Mwongeli na ndugu zake, na gereji zote za Mukuyuni hadi Kitui. Mungu awafute machozi. Na wewe unayesikiliza, kama kuna swali mzazi wako alikuachia, nawe ukaondoka kwa hasira, usiliogope. Rudi ulipolikuta, uiname.

Alhamisi, Fundi Nthiwa alizikwa shambani kwake. Kina mama wa Kathonzweni walichelewa. Walifika na matope hadi magotini, wakiomba msamaha: Kambuzi ilikuwa imechimba tangu asubuhi bila kupumzika, nao hawakuthubutu kuisimamisha, maana mawingu yalikuwa meusi.

Ikafika zamu ya Mwongeli kutupa udongo. Mchungaji alimngoja. Watu walidhani ameshindwa kwa kilio.

Akainama.

"Ni mkanda, Baba," akasema. "Unashika kuta za puli, haufai kukaa chini. Ukikaa chini unateleza, injini inachemka. Na mji sikupi."