Shingo Yenye Haikuvimba

Wamama, asante kwa kiti, lakini muto wa kuegemea muondoe, mi sijaja kuzaa hapa. Mumesema leo ni zamu yangu nieleze hii kovu ya shingo. Najua imewasumbua. Kuna mumoja wenu alisema mume wangu alitaka kunichinja. Yewe! Mume wangu alikufa zamani, na maskini, hata kuku alikuwa anaogopa kuchinja. Sogeeni basi, niwaambie vile ilikuwa.

Hapa Mbugangari, ndani ya Gisenyi yetu, wote munanijua. Nauza mandazi pale karibu na mafundi wa cherehani, na naiga watu. Sikusoma, lakini sauti ya mutu nikiisikia mara moja, iko yangu. Karani wa soko: "Hé, Mama we! Toa karai kwa njia!" Mama mukwe wako, we pale, usijifiche: "Hii mboga... nani aliipika? Aaah. Bon." Na kuna fundi mumoja, muguu wake mumoja ni mufupi. Huyo nilikuwa naiga namna anatembea, tap-chwee, tap-chwee, soko yote inakufa na kicheko. Yeye ananiangalia tu juu ya cherehani: "Bibi, Mungu anakuona."

Ugonjwa ilianza na kiu. Nilikuwa namaliza mutungi wa maji peke yangu, na kwenda kukojoa kila saa. Na munajua kwetu: mutu muzima akikunywa maji mbele ya watu, wanasema kwake hakuna maziwa wala chai. Basi nakunywa nyuma ya mulango, kama mwizi. Kisha nguvu ikapungua. Choo ikafunga siku tatu, siku ine. Nikawa nasahau, natia chumvi kwa unga mara mbili. Huzuni ya bure ikaniingia, nalia juu ya kikombe kimeanguka. Na mifupa ikaanza kuuma, miguu, mugongo, hata mbavu nikigeuka kwa kitanda.

Ramadhani ikaingia, nikafunga na ile kiu yote. Siku moja pale soko kitu ikanishika hapa, pembeni ya mugongo, ikashuka mpaka chini kama kisu. Nikajikunja. "Ayiwe! Ayiwe, mama!" Unajua watu walifanya nini? Walicheka. "Leo Bibi anaiga nani? Ah, anaiga mwanamuke anazaa!"

Ndugu zangu, nawaambia, pale ndiyo nilikosea. Nilipaswa kusema, hapana, naumwa. Lakini nilijikaza, nikasimama, nikawamalizia mchezo: "Kijana! Mutoto ni kijana!" Wakapiga makofi. Niliona afadhali wacheke kuliko wanihurumie. Nilipofika nyumbani nikakojoa damu, na ndani yake kajiwe kadogo, sawa punje ya muchele. Nikakatupa, nikanyamaza.

Miezi ikapita hivyo. Nikaanza kuchechemea. Soko ikafurahi: "Bibi amerudia kuiga fundi!" Nami naongeza chumvi, nachechemea zaidi, ili wasijue.

Asubuhi moja nanyanyua karai ya unga. Sikuanguka, hakuna mutu alinisukuma. Mukono ukasema ka! kama kuni kavu, ukaning'inia. Nikapiga kelele, na watu, munajua tena, wakaanza kucheka. Fundi akasimamisha cherehani. Akaja na ule muguu wake, akawaambia:

"Nyamazeni. Huyu haigi."

"Ah, fundi, we unamutetea? Kila siku anakucheka!"

"Ndiyo sababu najua. Akiniiga mimi, anachechemea mbele yenu, akishapita kona anatembea muzuri. Sasa ni miezi namuona asubuhi anakuja peke yake, njia haina mutu, na anachechemea. Mutu anamuigia nani kwa njia tupu?"

Hapo ndiyo nililia, wamama, na hicho kilio hakikuwa cha mutu mwingine.

Hapa Gisenyi wakanifunga mukono, lakini munganga hakupenda vile mufupa ulivunjika bure. Akanituma Bukavu, ngambo ya ziwa, kwa hospitali kubwa. Tukapanda meli, mimi na muke wa mutoto wangu. Kule kuna munganga muzungu anasema kwa pua, na anfirmie, muuguzi wa pale, anatugeuzia maneno.

"Alors, Maman. Unakunywa maji namna gani?"

"Kidogo tu, Munganga."

Muke wa mutoto wangu akaruka: "Uongo! Mutungi muzima! Anakunywa nyuma ya mulango, anazani simuoni!"

Munganga akaweka kalamu chini. Wakachukua damu, wakachukua mukojo, wakanipiga foto ya mifupa. Akanionyesha vidole vyangu kwa ile foto: mifupa imekulwa pembeni, sawa mahindi yenye wadudu. Akanieleza, na mi nawaeleza vile nilishika. Ndani ya shingo mutu iko na vitezi vine, vidogo sawa mbegu ya dengu. Kazi yao ni kuchunga chokaa ya mwili, ile inapatia mifupa nguvu. Yangu moja ilivimba ikawa na bidii ya ujinga. Inakwangua chokaa kwa mifupa, inamwaga kwa damu, damu inapeleka kwa figo, inakuwa mawe. Ndiyo kiu, ndiyo choo kufunga, ndiyo hata ile huzuni. Dawa ya kukunywa hakuna. Wafungue shingo, waitoe.

Nikakataa. "Munganga, kwetu kule milimani watu wako na mwingo, shingo imevimba sawa papai, hakuna mutu anawakata. Mi shingo yangu laini kama chupa! Mi naumwa miguu!"

Anfirmie akacheka: "Bibi, mwingo ni kitu ingine. Hii yako haionekani kwa inje."

Lakini munganga hakucheka. Akasema karibu na vile vitezi kunapita mushipa wa sauti. Watachunga sana, lakini ukiguswa, sauti inaweza kwenda na isirudi.

Siku mbili nililala naangalia ukuta. Mandazi kila mutu anakaanga. Kwangu watu wanakuja sababu ya sauti. Bila sauti, mi nani? Muke wa mutoto wangu akanivumilia mpaka akachoka. "Mama, baki nayo basi. Mifupa yote ikishavunjika, utamuigia nani? Kitanda?"

Huyo mutoto iko na mudomo mubaya. Nikaweka kidole kwa karatasi, wanikate.

Wakaitoa, moja tu, ingine tatu wakaziacha. Nikaamuka, nikafungua mudomo nimutukane muke wa mutoto wangu. Hakuna kitu. Pumzi tu. Kesho yake midomo ikaanza kuwasha sawa sisimizi, vidole vikajikunja. Nikazani nakufa. Wakanipiga sindano ya chokaa, pole pole, kwa mushipa. Munganga akasema mifupa ilikuwa na njaa ya miaka, sasa inameza chokaa yote. Nikakunywa maziwa mpaka nikaona aibu mbele ya ndama.

Nikarudi hapa bila sauti. Fundi ndiye alikuwa ananiitia wateja, tena kwa kuniiga: "Mandazi ya moto! Njooni, wavivu nyinyi!" Vibaya sana! Nilikuwa natikisa kichwa kumukosoa.

Sauti ilirudi kidogo kidogo, nzito, sawa munavyosikia. Mufupa wa mukono uliungana. Kajiwe sijaona tena. Nakunywa maji mbele yenu wote, anayecheka acheke, na munganga akiniita kupima damu, naenda.

Donc, neno langu ni hili. Mukiona kiu haiishi, mifupa inauma, mawe yanarudi, nendeni mukapimwe, na musimufiche munganga hata glasi moja. Ukiumwa, sema kwa sauti yako. Na mutu wa kuchekesha akisema anaumwa, mumuangalie pia wakati hakuna anayemuona.

Nashukuru wale walinishika mukono, wa Bukavu na wa hapa, na fundi yule, hata kama nimeanza kumuiga tena. Wanastahili vigelegele. Lakini ile sauti ya juu ilibaki kule Bukavu, mi nikijaribu inatoka kama mubuzi. Haya, mupige nyinyi. Na we wa nyuma pale, fungua mudomo, meno tunajua hauna.