Fredi Mshana na Wimbo wa Papa Tepe

Fredi Elinazi Mshana, ambaye leo tumemsindikiza hapa Naliendele, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1967, kijijini Mbaga, Wilaya ya Same. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Elinazi Mshana na Bi. Namsifu, ambao wote wamemtangulia. Nyumbani kwao kulikuwa na redio moja, iliyokaa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa kama mgeni aliyelala. Wenzake walingoja taarifa ya habari na salamu. Fredi alipenda mahali pale katikati ya stesheni mbili, panapovuma na kukwaruza, halafu ghafla mtu wa mbali anasikika akiimba lugha isiyojulikana.

"Fredi, weka stesheni!" mama yake alimwambia kutoka jikoni.

"Mama, hii ndiyo stesheni."

Alisoma shule ya msingi hapohapo Mbaga na kumaliza mwaka 1981, kisha akasoma sekondari mjini Same hadi kidato cha nne, mwaka 1985. Mwalimu wa kwaya alimtoa kwenye sauti ya pili baada ya wiki tatu, akisema kwamba kijana huyu ana masikio mazuri kuliko koo lake. Fredi hakununa. Aliisimulia hadithi hiyo maisha yake yote kama mtu anayesimulia siku aliyopewa cheti. Mwaka 1988 alipanda basi kuja Mtwara, safari iliyochukua siku nne kwa sababu ya mvua na matope ya barabara ya kusini, akajiunga na chuo cha kilimo. Aliwaandikia wazazi kwamba huku kuna joto, kuna mihogo mitamu, na kuna ngoma ambayo hajawahi kuisikia popote. Barua ilikuwa na kurasa mbili. Joto lilipata mstari mmoja.

Mwaka 1991 aliajiriwa katika taasisi ya utafiti wa kilimo, Naliendele, akiwa fundi wa kitalu cha mikorosho, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na minne. Mamia ya wakulima, kuanzia Kitaya hadi Newala, walijifunza kwake kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo cha mkorosho bora kwenye mche mchanga ili viwe mti mmoja. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja. Mche usio na lebo ya mti mama haukutoka kitaluni kwake, hata ukiwa mzuri namna gani, hata mkubwa wa kazi akisimama getini na gari linaunguruma. "Mkulima atauliza huu umetoka kwa nani," alisema. "Nimjibu nini? Umetoka kwa mvua?"

Vijijini ndiko alikookota nyimbo. Hakuvutiwa na zile zinazopigwa kila kona, maana alisema hizo zina watu wa kutosha wa kuzipenda. Alitafuta zile ambazo mtu amejirekodia mwenyewe, chumbani au shambani, na pengine zimesikilizwa na watu saba. Alimpata Idrisa, fundi cherehani wa Chikongola, aliyeimba akikanyaga cherehani yake kama ngoma, na nyimbo zake zote ziliwahusu wateja wasiokuja kuchukua nguo. Aliwapata akina mama wa Msimbati, waliotumia midomo tu kuiga mvumo wa mitambo ya gesi, na juu ya mvumo huo wakaimba sifa za bibi harusi. Kila wimbo aliuandika kwenye daftari gumu la kaunta: jina la mwimbaji, kijiji, tarehe. Sheria ilikuwa ileile ya kitaluni. Kisha alitembea nazo kwenye simu, na ole wako ukutane naye ukiwa huna haraka. "Hii umeisikia?" alikuuliza, akiwa ameshakuwekea simu sikioni.

Alifunga ndoa takatifu na Bi. Rozalia Chilumba, mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Newala, Jumamosi, tarehe 21 Septemba 1996. Uchumba wao ulianza kwa kaseti. Alimwazima, naye Rozalia akaisikiliza upande mmoja, akairudisha kwa adabu zote.

"Kaka Fredi, pole. Kaseti yako imeharibika."

"Haijaharibika, dada. Wanaimba hivyohivyo."

Rozalia alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gladness mwaka 1998 na Lukasi mwaka 2002.

Sasa tuseme juu ya Papa Tepe, maana mtu aliyemfahamu marehemu na hakusikia habari hii, basi hakuwahi kuketi naye.

Mwezi Oktoba 2016 alinunua memori kadi kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo. Kati ya nyimbo mia tatu alikuta mmoja usio na jina. Mtu mzima anaimba, kitu cha bati kinalia kwa mapigo yanayochechemea, mbwa anabweka kwa wakati wake, na mwisho sauti inasema, "Mimi Papa Tepe. Kwa herini." Alirudi kibandani kumuuliza kijana Saidi ni wa nani. "Mzee, huo hata sijakuuzia," Saidi alimjibu. "Umeingia wenyewe."

Fredi aliusikiliza mara nyingi kuliko wimbo wowote. Kwenye daftari aliuandika wa 188, na mahali pa jina akaacha wazi. Hakuliamini jina la utani peke yake. Alitaka kumwona mtu. Alifikiri hivi: papa ni samaki, na yupo papa mwenye mistari ubavuni kama tepe za askari. Basi mwimbaji ni mvuvi. Kwa miaka sita, kila alipopata Jumamosi, alikwenda Msimbati kuuliza.

"Papa Tepe? Huyo haji nchi kavu, mzee. Mfuate kilindini," vijana walimtania.

Bi. Farida, muuza samaki, alimhurumia zaidi. "Wa tepe leo hatuna, baba. Nina papa ng'onda. Naye anaimba, ukimtia nazi."

Hakupenda kuondoka mikono mitupu baada ya kumsumbua mtu, kwa hiyo kila safari alinunua. Mkewe alimpokea mlangoni na kulipima furushi kwa macho. "Baba Gladness, umeenda kutafuta mwimbaji, umerudi na kitoweo." Nyumba nzima ilijifunza kula papa mkavu. Lukasi alikula mpaka akaapa kwamba akioa ataoa mbali na bahari.

Mwaka 2021 alianza kuchoka kwa kazi ndogo, na miguu ikavimba. Madaktari waligundua kwamba moyo wake umetanuka. Alipewa dawa za maisha na kukatazwa safari ndefu. Aliwaambia wanawe ukweli wote siku hiyohiyo. Jioni alimwambia mkewe kwamba mengi ameshayamaliza, nyumba imesimama, watoto wamesoma, limebaki jina moja, nalo angependa kuliandika akiwa bado anaona vizuri. Rozalia hakumcheka. Tangu hapo, kila aliposema anakwenda Msimbati, alimfungia maji na vidonge.

Tarehe 11 Mei 2023 alikwenda Kitaya, ambako ng'ambo ya mto kunaonekana Msumbiji, kufundisha kubebesha. Amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, wakulima wamemzunguka, mara nyani wakaingia kwenye mahindi ya jirani. Mama mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo, Bi. Mwanaisha, aliruka akapaza sauti kuelekea shambani:

"Papa! Papa! Pika tepe! Pika tepe, nyani hao!"

Kutoka ndani ya mahindi debe likaanza kulia. Mapigo yakichechemea. Na mbwa akabweka.

Wamakua wa huku, wenyeji wa Kusini wanajua, wengi wao wakisema Kiswahili b hugeuka p, d ikawa t, g ikawa k. Fredi alikuwa ameishi Mtwara miaka thelathini na mitano. Alikuwa ameitwa "Papa Klatnesi" mara ngapi, akaitika. Na bado alikuwa amekwenda kumtafuta Baba Debe baharini. Kisu kilimtoka mkononi. Alicheka mpaka wakulima wakaogopa, wakamletea maji, yeye akazidi kucheka na machozi yanamtoka.

Baba Debe alitoka kwenye mahindi na debe lake kwapani: Mzee Jafari Abdallah, mkulima, wakati huo ana miaka sabini na mmoja. Fredi alimwekea simu sikioni bila hata salamu. Mzee alisikiliza, akamtazama mbwa, akamtazama Fredi.

"Huyu mimi."

"Ndiyo, mzee. Wimbo wako."

"Si wimpo huu. Nilikuwa nafukuza nyani. Salma, pinti yanku, alinirekoti na simu yake ili anicheke."

"Na mwisho unasema kwa herini?"

"Walikuwa wameshaontoka," alisema Mzee Jafari. "Nikawaaka. Ni atapu."

Fredi alifungua daftari pale pale, akaomba ruhusa aandike jina. Mzee akakataa. Hakukataa kwa ukali, alikataa kabisa. "Mimi mtu mzima, napika athana na kuswalisha msikitini. Watu wakisikia naimpia nyani, nani atakuja kuswali nyuma yanku? Nyani wanalijua jina lanku. Wanatosha."

Hapo ndipo tulipomjua Fredi Mshana alikuwa mtu wa namna gani. Jina alikuwa nalo, kalamu alikuwa nayo, na aliyekataa asingejua kamwe. Alirudi Naliendele na nafasi ikiwa wazi. Mkewe alipomuuliza, alisema lebo humsemea mwenye mti, na mwenye mti amesema hapana. Rozalia ndipo alipokiri, kwa utani ambao hadi leo hatujui ukweli wake ni kiasi gani, kwamba yeye alishakisia habari ya Papa kuwa Baba tangu mwaka wa pili. "Ila ng'onda wa Farida ni mtamu," alisema. "Nikaona nikisema, hatutamla tena."

Urafiki ukaanza. Fredi alifika Kitaya mara nne katika miaka miwili iliyofuata, kwa kisingizio cha kukagua mikorosho ya Mzee Jafari, ambayo haikuwa na shida yoyote. Walikaa, walikula mihogo, walizungumza juu ya nyani. Jina hakuliomba tena hata mara moja. Alijua kwamba muda wake unapungua, na mara moja alimwambia Gladness kwamba inamuuma, lakini afadhali imuume yeye.

Mwezi Julai mwaka huu hali ilibadilika, akalazwa hospitalini mjini Mtwara. Alhamisi, tarehe 7 Agosti, Mzee Jafari alifika wodini na binti yake Salma, amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Alikaa kando ya kitanda. Halafu akauliza.

"Papa Klatnesi, wimpo huu unakusumpua nini? Nyimpo ziko nyinki."

Fredi aliongea polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Siku niliyotoka kwa daktari mara ya kwanza, sikuweza kuongea na mtu. Nikakaa nyuma ya kitalu, nikakuweka wewe. Ulipowaaga wale nyani, nikacheka. Nikaweza kwenda nyumbani. Nataka shukrani yangu iwe na anwani, mzee. Basi."

Mzee Jafari alinyoosha mkono. "Lete taftari."

Rozalia alimfungulia ukurasa. Mzee aliandika taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu, maana hakusoma shule nyingine zaidi ya chuo cha Kurani. Fredi aliinuliwa kwenye mto ili aone. Aliitazama ile mistari na nukta zake kwa furaha kubwa, asielewe hata herufi moja.

"Umeandika nini?"

"Jafari pin Aptallah," alisoma mzee, kidole kikitembea juu ya karatasi. Akafika mwisho. "Papa Tepe."

Kisha, bila kuombwa, alianza kugonga ubao wa kitanda kwa vidole, kwa mapigo yaleyale. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka akauliza, "Jamani, kuna nyani humu?" Wodi yote ilicheka, muuguzi aliyekuja kukemea akacheka pia, na Fredi alicheka kuliko wote. Wengi wetu tunachagua kumkumbuka hapo.

Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkewe na wanawe wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Ameacha mjane, Bi. Rozalia; watoto wawili, Gladness na Lukasi; mjukuu mmoja, Namsifu, mwenye miezi saba; ndugu wanne; na waimbaji mia nne na kumi na wawili, wote kwa majina, ambao baadhi yao tunawaona hapa leo, hata wale ambao bado wanashangaa kwamba kuna mtu aliyewasikiliza. Ndugu wa Upare wamekubali, kwa moyo mzito, apumzike huku alikotaka.

Baada ya mashada na baraka za mchungaji, Mzee Jafari Abdallah ameomba mwenyewe apewe nafasi. Itakuwa mara ya kwanza kuimba mbele ya watu. Familia inaomba msisimame kimya kama mnavyosimama sasa. Anayetaka kucheka, acheke.

Mungu amlaze Fredi mahali pema, na amani aliyoitafuta kwa wengine imshukie yeye.