Mgeni wa Mama Ida Kapewa Jembe

PAULINA: Haloo, Kilosa, ofisi ya akina mama. Nani mwenzangu?

LAZARO: Haloo? Haloo... dada wa simu kasema niongee, basi naongea. Ni Lazaro, shemeji, wa Mikumi. Shikamoo.

PAULINA: Marahaba. Lazaro, si nilikukataza kupiga simu ofisini?

LAZARO: Ulinikataza, ndiyo. Habari za huko?

PAULINA: Nzuri. Ida hajambo, mimi sijambo, mvua ipo. Nyumba imeungua?

LAZARO: Nyumba iko vilevile alivyoiacha marehemu kaka. Vitanda vinne na magodoro yake, vyandarua, kabati la vyombo, hata lile birika la—

PAULINA: Alivyoiacha nani?

LAZARO: Kaka Yeremia. Mumeo. Umeshamsahau?

PAULINA: Subiri. [Kwa mbali, kwa karani wake:] Mwanakheri, mwanangu, hebu kaniletee chai. Na maandazi. Usikimbie, nenda taratibu. [Mlango unafungwa.] Haya, sema upesi. Huyu akirudi, mimi nazungumza habari za cherehani.

LAZARO: Ni mgeni wako, shemeji. Bwana Kasian.

PAULINA: Mpima ardhi wa Dar. Si alifika Jumatano na mkewe? Nilimwandikia mwenyewe: nyumba nzima yenu, kila kitu kimo ndani, njooni na nguo zenu tu, asubuhi mnakwenda hifadhini kutazama tembo. Ana nini?

LAZARO: Tembo bado hajawaona.

PAULINA: Leo Jumamosi.

LAZARO: Yuko shambani.

PAULINA: Shamba gani?

LAZARO: La kijiji. Anapalilia mahindi. [Laini inakwaruza.] ...anajitahidi, ila anapalilia pamoja na mahindi yenyewe.

PAULINA: Lazaro. Mtu katoka Dar kuja kupumzika. Jembe kampa nani?

LAZARO: Balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Sikuzani. Si unajua anavyopita jioni na daftari lake: nani kalala kwa nani, katoka wapi, mna udugu gani. Ningemwambia huyu kapanga? Wewe mwenyewe ulisema neno hilo lisitamkwe.

PAULINA: Nilisema umwandikishe rafiki.

LAZARO: Marafiki sita tayari, tangu huu mwaka wa sabini na tatu uanze. Wawili Wazungu. Mama Sikuzani akaniuliza, shemeji yako ana marafiki kuliko mawaziri? Nikaona huyu nimwandikishe mdogo wako.

PAULINA: Mdogo wangu. Mimi Mkaguru, yule Mngoni.

LAZARO: Hilo nililieleza. Mama mmoja, baba mbalimbali.

PAULINA: Umemzulia mama yangu mzazi bwana wa Songea.

LAZARO: Zamani hizo, shemeji, kabla ya vita. Na Mama Sikuzani wala hakushtuka.

PAULINA: Ningekuwa huko ninge—

LAZARO: Ungenipiga, najua. Sasa mdogo wako si mgeni tena, ni mwenzetu, na mwenzetu siku ya shamba la kijiji anashika jembe. Mkewe naye, Bibi Hildegarda, wamekuja kumchukua wifi zake, yuko msibani anachambua mchele. Jana walikaa naye kwenye viti vyako vya sebuleni mpaka saa mbili usiku. Chai yote aliyokuja nayo kutoka Dar imekwisha.

PAULINA: Ungesema mume anaumwa mgongo.

LAZARO: Nilisema. Wakamletea dawa.

PAULINA: Ungewaambia—

LAZARO: Akapona, shemeji. Dawa ile chungu, mtu anapona ili asiinywe tena. [Mlio.] Naam? Ndiyo, dada, niongezee dakika tatu nyingine. Ndiyo, kituo cha mafuta Mikumi. Asante. Haloo?

PAULINA: Nipo. Umepiga ili nifanye nini sasa, nimwombe radhi?

LAZARO: Hayo yalikuwa ya kuchangamsha tu. Jambo lenyewe linakuja.

PAULINA: Lazaro, usinichezee.

LAZARO: Jana palepale shambani bwana kachoka. Viganja vimetoka malengelenge, miwani imejaa vumbi. Akatupa jembe chini, akasema: mimi nimelipia wiki nzima, mwenye nyumba kaniandikia barua kwa mkono wake, na habari za kulima hazikuwemo.

PAULINA: Kasema mbele ya nani?

LAZARO: Watu.

PAULINA: Watu gani?

LAZARO: Mwenyekiti wa tawi la chama, Hezekia, alikuwa mstari wa pili.

PAULINA: Mungu wangu.

LAZARO: Akaja na jembe lake begani, polepole. Akauliza, mwenye nyumba ndiye ndugu katibu wa akina mama? Huyu aliyetuhutubia hapa mwezi wa tatu, kwamba Azimio la Arusha linasema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha?

PAULINA: Nilisoma karatasi niliyopewa.

LAZARO: Na uliisoma vizuri. Tulipiga makofi.

PAULINA: Nilikwambia huyu ndiye wa mwisho.

LAZARO: Wa mwisho alikuwa yule Mjerumani wa vipepeo. Na kabla yake, yule mwalimu wa—

PAULINA: Nyumba ikikaa tupu inaliwa na mchwa. Nitafanyaje, niitazame ikianguka? Hezekia kaandika barua wilayani au bado?

LAZARO: Alitaka. Nimemzuia.

PAULINA: Umemzuiaje?

LAZARO: [Laini inakwaruza.] ...unasemaje?

PAULINA: Nauliza umemzuiaje.

LAZARO: Nimemwambia nyumba si yako.

PAULINA: Ni ya nani?

LAZARO: Yangu.

PAULINA: Yako?

LAZARO: Nimesema kaka alipofariki nyumba ilirudi kwetu, kwa mila. Wewe kazi yako kuniandikia wageni barua tu, maana mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita. Mimi si kiongozi wa kitu. Hata huyo kuku hanisikilizi. Mtu akipanga kwangu, hakuna Azimio lililovunjwa. Na mdogo wako hata akilipa bado ni mdogo wako, ndiyo maana leo karudishiwa jembe. Cheo chako kimepona, shemeji. Nilidhani utanishukuru.

PAULINA: Hayo umeyasema kwa mdomo.

LAZARO: Ya mdomo hakuyataka.

PAULINA: Umetia sahihi mahali.

LAZARO: Karatasi moja tu. Mama Sikuzani shahidi, na mhuri wa tawi. Ni kwa muda, mpaka mambo yapoe.

PAULINA: Yatapoaje? Siku nitakayosema ni yangu, wataniuliza mbona niliificha.

LAZARO: Ndiyo maana usiseme.

PAULINA: Karatasi hiyo imeandikwa kwa mkono?

LAZARO: Kwa mkono? Imepigwa chapa, safi kabisa. Jana hiyohiyo jioni, ofisini kwa Hezekia.

PAULINA: Jana jioni.

LAZARO: Jua linazama.

PAULINA: Mashine ya chapa ya tawi lenu iko huku Kilosa, Lazaro. Iliharibika, ikaletwa huku ingoje fundi. Wiki ya pili hii iko juu ya meza ya Mwanakheri, nami naitazama sasa hivi. Herufi tatu zimeng'oka.

LAZARO: Basi labda... labda waliazima kwa watu wa hifadhi.

PAULINA: Jioni ya Ijumaa, wakati ofisi zao zimefungwa.

LAZARO: Shemeji, mimi mambo ya mashine—

PAULINA: Karatasi ilipigwa chapa kabla mashine haijaharibika. Kabla Bwana Kasian hajafika Mikumi. Ulikuwa nayo. Ulikuwa unangoja mtu wa kuropoka tu.

LAZARO: Aliyeropoka ni yeye. Mimi jembe sikumpa.

PAULINA: Ulimpa udugu.

[Laini inakwaruza.]

LAZARO: Ni nyumba ya kaka yangu, Mama Ida. Miaka minane nafagia, nawapokea wageni wako, nawachemshia maji ya kuoga. Kaka akiwa hai asingeniacha hivi hivi.

PAULINA: Kakako alinunua mabati. Matofali nilifyatua mimi, nina mimba ya Ida ya miezi saba, na wewe ulikuwa unakuja kula.

LAZARO: Nilichota maji.

PAULINA: Siku mbili.

LAZARO: Tatu.

PAULINA: Ungeniomba chumba, ningekupa. Ungesema, shemeji nimechoka, nataka fungu langu, tungekaa tukazungumza. [Mlio.]

LAZARO: Dakika zinakwisha, shemeji, tutaongea siku nyingine, msalimie Ida—

PAULINA: Tulia. Nenda kwa Hezekia sasa hivi. Mwambie nyumba ni ya Paulina, na Paulina anapangisha, na barua ya kuacha ukatibu anaiandika leo kabla chai haijafika.

LAZARO: Uache cheo? Na baiskeli waliyokupa, na—

PAULINA: Watarudishiwa, pamoja na pampu yake.

LAZARO: Watu watakucheka.

PAULINA: Nitacheka nao, nikiwa nimekaa barazani kwangu.

LAZARO: Haloo?

PAULINA: Umenisikia.

LAZARO: Haloo? Shemeji, unapotea. Haloo... dada wa simu, mbona huyu mtu haongei?

PAULINA: Nasikia unavyopumua, Lazaro.

LAZARO: Haloo? Haloo, Kilosa?

PAULINA: Basi Hezekia nitamwona mwenyewe. Napanda gari la kesho. Nikitoka kwake napita msibani namtoa Bibi Hildegarda, namchukua na mumewe, nawapeleka kwa tembo wao.

[Laini haikwaruzi hata kidogo.]

LAZARO: Gari la saa ngapi?

[Mlio. Simu inakatika.]