Jaji wa Maisha

Desmond Whitlock alipanda treni kwenda kuhojiwa na Seneti ya Marekani, maana rais alikuwa amemteua kuwa jaji wa shirikisho. Mbele yake mama mmoja na mzee mmoja, wasiojuana kabisa, walikuwa wanabishana juu yake bila kuijua sura yake.

"Rais anaondoka, jaji wake anabaki mpaka afe!" mama alifoka. "Na majaji hawa wakihojiwa na Seneti wanakwepa maswali, wanateleza kama kambare."

"Mbona rais wa chama chako alipoteua majaji wake ulinyamaza, dada?"

"Majaji wetu walikuwa wanajibu!"

"Lini?" mzee akacheka.

Mama akamgeukia Whitlock nyuma yake. "Hebu tuamulie, kaka. Ni haki jaji akae maisha?"

Whitlock alikuwa amekariri majibu ya Seneti wiki nzima. Jibu likamtoka lenyewe. "Samahani, siwezi kulizungumzia jambo linaloweza kunifikia mahakamani."

Treni ikasimama. Wabishi wakatazamana, na kwa mara ya kwanza wakakubaliana: "Ndiye huyu!"