Shangazi Tulia Anatoka Chumba cha Picha

Dakika chache zilizopita binti yangu wa miaka sita ameingia chumba cha picha, ameshikana mkono na mpiga picha mpya. Hakugeuka nyuma. Alisema tu, "Mama, wewe baki nje, huwezi kutulia." Nimebaki kwenye benchi na kalamu, maana wasifu huu unasomwa saa nane na ndiyo kwanza naanza.

Leo, Ijumaa tarehe thelathini, Shangazi Tulia anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupiga picha za ndani ya watu. Jina walimpa watoto, kwa neno asilochoka kulisema. Mimi ni mfanya usafi wa idara, shule niliishia darasa la saba, ila mwenyewe ameagiza: "Aandike yule. Madaktari watanizika nikiwa hai."

Mashine yake ni sumaku kubwa, na sumaku haijui cheo. Siku mganga mkuu alipoleta wageni, Shangazi alimvua mkanda mlangoni kwa sababu ya chuma chake. Bosi alisalimia wageni kwa mkono mmoja, wa pili umeshikilia suruali. Picha ya siku hiyo bado ipo mapokezi. Watu husifu alivyojishika kiuno kwa kujiamini.

Binti yangu ana ugonjwa wa mitokondria. Nilivyoelezwa, hivyo ni vinu vidogo sana vinavyoupa mwili nguvu, na vyake ni vivu. Kila miezi sita daktari anataka picha ya ubongo, aone kama madoa yameongezeka. Watoto wengine hupewa dawa ya usingizi. Wangu daktari anaogopa, dawa inaweza kumlemea. Lazima alale tuli akiwa macho, nusu saa, ndani ya mashine yenye kelele kama mafundi wanabomoa nyumba.

Mara ya kwanza alilia mpaka picha zikatoka kama uji. Shangazi akatafuta boksi la friji, akalilaza koridoni, akaingia mwenyewe kumwonyesha. Kiuno kikakwama. Tulimvuta miguu watu watatu, naye humo ndani anaendelea kufundisha: ngo-ngo-ngo ni fundi viatu, drrrr ni babu anakoroma, ukijitikisa ataamka! Walifanya mazoezi wiki nzima. Picha zikatoka safi, na mtoto akatoka ananong'ona, anauliza kama babu ameamka.

Tangu hapo hajaharibu picha hata moja. Lakini kila mara Shangazi alikuwemo ndani, amemshika kidole cha mguu. Leo amekataa kuingia. "Kesho sipo. Akizoea kidole changu, mtanifuata nyumbani na mashine?"

Basi yuko hapa kando yangu, anasoma gazeti alilolishika kichwa chini miguu juu, midomo inasema ngo-ngo-ngo. Mashine imenyamaza ghafla. Sijui imemaliza, au mtoto kajitikisa. Naye hajui, macho yake yamehamia mlangoni.

Shangazi, idara nzima inakushukuru. Tunakuombea magoti yapone, ulale mchana bila mtu kukugongea, na sisi kina mama tuliokulilia begani tunakuahidi kwamba

mlango umefunguka, mpiga picha mpya ananiita, "Mama, njoo uone! Hakutikisika hata kidogo!" na Shangazi ameshanipita mbio, gazeti liko chini, kwa hiyo hayo maisha mema mtamtakia wenyewe, mimi