Chungu cha Asali ya Wakwe

Masikio hayana mlango, kwa hiyo Paska, aliyekalia gunia lake la samaki wakavu nyuma ya lori la Arua kwenda Koboko, aliyasikia yote.

Mbele yake mama mmoja, Drateru, alikumbatia chungu cha asali. Alikuwa akiwapelekea wakwe wa binti yake, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumba yao. Kila gurudumu lilipotumbukia shimoni, alimwita Yesu.

"Mama, umeomba?" aliuliza Mwalimu Dramadri, mhubiri aliyekwisha kumsalimu kila abiria kwa jina la Bwana, mbuzi wakiwemo.

"Nimeomba, Mwalimu."

"Basi wasiwasi ya nini? Ukiomba, unaachia Mungu!"

"Mungu iko. Lakini hii barabara pia iko."

Lori zima lilicheka. Mwalimu akapandisha sauti, akahubiri vilima viwili bila kumeza mate, mpaka mama akachoka.

"Sawa, naachia Mungu," akasema, akampakatisha chungu. "Wewe ni mutu yake. Shika." Akajifunika kitenge, akalala fofofo.

Mahubiri yakakatika papo hapo. Mwalimu akakikumbatia chungu kwa vidole vyote kumi, na sasa kila shimo lilimwita Yesu kwa sauti yake yeye.

Koboko, lori likasimama. Drateru akaamka, akajinyoosha.

"Mwalimu, umeomba?"

"Sijanyamaza, mama."

"Basi tumefika. Achia."

Vidole vya Mwalimu vikagoma. Ikabidi Paska avibandue kimoja kimoja, kama anayetoa samaki wavuni.