Walivyonicheka Nikiwa Eda

Ndugu zangu, mie si msemaji. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mnivumilie.

Mume wangu alikuwa mtunza bustani kwa wazungu kule Kawe. Alipofariki, bosi wake, mama wa makamo, alikuja kwetu Tandale, akavua viatu, akaketi nasi mkekani. Akauliza kwa Kiingereza marehemu aliumwa nini. Wanawake wakanisukuma: "Jibu wewe, si unasomaga Kiingereza jioni?"

Nikajibu. Nilitaka kusema alisikia maumivu makali ya tumbo. Nikatumia "hear", neno la sikio, maana kwetu maumivu tunayasikia. Yule mama alielewa, akanishika mkono. Wifi yangu alikuwa anarekodi kwa simu.

Nawaambia, kabla ya hitima mtaa mzima ulikuwa na ile sauti yangu. Mie nimekaa eda ndani, siwezi kutoka, watu wanapita dirishani: "Mjane, tumbo linasemaje leo?" Binti yangu akarudi kutoka shule akaniambia, "Mama, eda ikiisha usije kunichukua." Nikaacha kuongea, hata Kiswahili. Nikaapa sitoki tena.

Nilimwomba wifi aifute. Akasema, "Ni utani tu. Msiba gani hauna utani?"

Arobaini ikafika, akaja mtani wetu hasa. Sie Wazaramo, yeye mama wa Kinyamwezi, ndiye aliyeosha masufuria msiba mzima. Alivaa kofia ya marehemu, akatembea alivyokuwa akitembea marehemu, nikacheka kwa mara ya kwanza. Wifi naye akaiweka ile sauti, wageni wacheke zaidi.

Mtani akasimama na sufuria mkononi. "Wewe ni mtani wa nani hapa?"

Wifi akainamia simu yake.

"Mie nikimcheka huyu, masizi ya masufuria ya msiba wake ninayo mikononi. Wewe kaka yako anatajwa alivyoteseka, unacheka?"

Wifi hajaniomba radhi mpaka leo, na ile sauti bado inazunguka.

Eda ilipoisha nilimfuata binti yangu shuleni. Walinicheka getini. Binti akainama, kisha akanipa begi lake nimbebee, tukaenda nyumbani.

Kwenye darasa la Kiingereza nimerudi, na bado nakosea. Namshukuru mtani yule, nanyi wafiwa wenzangu mlionikalisha hapa kikundini wakati sisemi kitu. Mtu akikusimulia kifo, lishike lile la kifo kwanza, maneno atayanyoosha baadaye. Na wewe dada mgeni hapo mlangoni, zamu yako ikifika, anza popote.